Ile Nyembamba na Ile Nene

Daktari hakumwambia mgonjwa, aliwaambia ndugu. Ndivyo ilivyozoeleka huku kwetu, na ndivyo ndugu wenyewe walivyotaka. Alimwita Rozalia na shemeji yake Ipyana pembeni, akawaeleza kwamba kansa ya ini ya Gwakisa imeshafika mbali, hakuna tena la kutibu. Wakakubaliana wamwambie ni vidonda vya tumbo. Rozalia akanawa uso bombani, akarudi wodini kwa mumewe akicheka kama mtu aliyeokota pesa.

Gwakisa alikuwa mpiga video za kwaya na misiba pale Uyole, na kompyuta yake ilikufa wakati yeye kalazwa. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, kitu cha kwanza alichotaka ni kompyuta nyingine. Rozalia alifurahi kupita kiasi. Mtu anayenunua kompyuta, aliwaza, hajui kwamba anakufa. Basi ataipata, tena yenye nguvu kuliko zote.

Dukani mjini Mbeya, muuzaji aitwaye Vitus aliwawekea mbili mezani. Moja ilikuwa nyembamba, nyepesi kama daftari. Ya pili ilikuwa nene na nzito, haina urembo wowote, lakini Vitus aliapa kwamba hiyo ndiyo ya kazi. Video ya msiba wa kutwa nzima ingeihariri bila kukwama, wakati ile nyembamba ingepata moto na kugoma.

Rozalia alisema basi wamemaliza, wafungiwe ile nene.

Gwakisa alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, koti limempwaya kana kwamba kaliazima. Akaanza kuuliza maswali ya ajabu. Ile nyembamba inakaa na chaji muda mrefu? Inafaa kuandalia mitihani ya shule? Mtu asiyezijua sana kompyuta ataielewa? Rozalia, ambaye ni mwalimu wa darasa la nne, alimwambia aache mzaha, kwaya inamsubiri, atapona, atanenepa, Pasaka watapiga video mpya. Alisema mengi mno, maskini, na kwa sauti ya juu mno, hata Vitus akajitia kupanga nyaya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Baba Lea, kazi yako utaifanyaje na hicho kikaratasi?"

"Mama Lea," Gwakisa alisema taratibu, "mimi misiba nimepiga mingi. Mke aliyejua mapema kwamba mumewe hatapona namwonaga hata kabla sijawasha kamera. Siku ile umerudi wodini unacheka, nilijua."

Rozalia alifungua mdomo avitaje tena vile vidonda vya tumbo. Gwakisa akainyooshea kidole ile nyembamba.

"Tuchukue hii nyepesi. Mtumiaji ni wewe, na video wewe huziwezi. Hata ukirudi kwenu Iringa, haitakulemea."

Tangu siku ile ya wodini Rozalia alikuwa akilia chooni, bomba likiwa wazi ili asisikike. Sasa alilia mbele ya mwenye duka na wateja wake, wala hakuona haya. Uchungu ulimzidi, akachuchumaa kando ya kile kiti na kushika goti la mumewe lililobaki mfupa mtupu.

"Tulitaka usiogope," alisema.

"Niliogopa hivyo hivyo," Gwakisa alimjibu. "Ila niliogopa peke yangu."