Punda wa Jumapili ya Matawi

Mume wangu Gašper ana kiburi kimoja tu, nacho ni kamba ya kengele ya kanisa la Mtakatifu Urbani. Ameivuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Sasa Padri Tadej, mgeni kwetu, mwenye parokia tatu na haraka nyingi, akatangaza kwamba baada ya misa ya Jumapili ya Matawi halmashauri itaamua kama tununue mtambo wa umeme wa kupiga kengele. Gašper hakula vizuri wiki nzima. Nikamwambia mtambo hauwezi kukoroma kama yeye. Hakucheka.

Kwetu, siku hiyo anayefika kanisani wa mwisho huitwa Punda, na jina hukaa naye mwaka mzima. Jirani yetu Cilka amelizoea.

Tulipanda kilima na butara yetu, kile kicha cha matawi ya kubarikiwa, tukamkuta Padri mbele ya mlango uliofungwa, masikio mekundu kwa baridi.

“Mzee Gašper, saa ngapi sasa?”

“Saa moja na nusu, Baba Paroko.”

“Saa mbili na nusu! Saa zimesogezwa mbele usiku, nchi nzima, kama kila mwaka majira haya!”

Gašper akanitazama. Nimtazame vipi? Saa ya ukutani haiguswi na mtu ila yeye.

“Misa ni saa mbili,” Padri akaendelea. “Nimebisha nyumba zote hapa, kimya! Kijiji kizima kimelala.”

Gašper akafungua mlango, akaikamata kamba, akaanza kuvuta. Moyo uliniuma. Nilijua mtambo ni kama umeshanunuliwa.

Kengele haijakolea, milango ya kijiji ikafunguka yote kwa pamoja. Watu wakatoka na butara zao, nywele zimechanwa, watoto wamefungwa tai. Wa kwanza alikuwa Cilka, na kofia yake imekaa sawasawa. Mtu aliyekurupuka kitandani hana kofia ya namna ile.

“Kwani hamna simu?” Padri akawauliza. “Hazikuwaambia saa?”

“Zimetuambia, Baba Paroko,” Cilka akajibu.

“Sasa?”

“Kengele ilikuwa haijalia. Mimi nimesimama nyuma ya mlango na viatu miguuni mpaka vidole vimekufa ganzi.”

“Nimebisha kwako!”

“Nilikusikia, Baba, nikajibana nyuma ya pazia. Ningetangulia kengele, ningemwaibisha Gašper. Yule hata akiwa punda ni punda wetu, tunamcheka sisi wenyewe, si mgeni.”

Gašper alikuwa ameshatoka mnarani, amesikia yote. Akatoa leso, akajidai ana mafua. Mafua gani, mzee wa watu alikuwa analia.

“Haya, ingieni, tumechelewa!” Padri akasema, akatupisha mlangoni. Tukaingia wote mbiombio, Cilka akivuta sketi yake. Padri alipogeuka, kizingitini amebaki yeye peke yake.

Kanisa zima likaangua kicheko.

Mtambo haukutajwa tena. Na siku hizi, Punda wetu mwenye parokia tatu akiwahi kufika, hukaa garini chini ya mnara, anangoja kengele.