Kitabu cha Nyimbo Chini ya Kiti

Tabita hakuwa na ugomvi na Restuta. Alikuwa na ugomvi na viatu vyake. Kila Jumapili wanakwaya wenzao waliingia kanisani na vumbi la Tunduma mpaka magotini, halafu Restuta huyo anashuka kwenye gari jeupe la mumewe, viatu vinang'aa, utadhani barabara ile haimhusu.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Restuta alikuwa na roho nzuri. Kila akimpita njiani alisimamisha gari. "Panda, Mama Agnes." Tabita alijibu kwamba anafanya mazoezi. Mazoezi gani ya mtu mwenye debe la unga kichwani, Mungu ndiye ajuaye.

Gari lenyewe lilikuwa na namba za Zambia. Gibson, mume wa Restuta, alilinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, likaingia kwa kibali cha muda mfupi kama gari la mgeni anayepita, kisha mgeni akahamia. Kodi haikulipwa hata senti. Luka, mume wa Tabita na rafiki wa Gibson tangu utotoni, ndiye aliyemsimulia mkewe huku akicheka: kibali kimekwisha muda tangu Pasaka, kimefichwa ndani ya kitabu cha nyimbo chini ya kiti cha dereva.

Tabita hakucheka. Yeye alitozwa ushuru hata kwa fungu la nyanya sokoni. Kwa nini mwenzake aringe bure? Roho ya kwa nini ilimkaba wiki nzima. Restuta alipopewa kuongoza wimbo aliokuwa akiuongoza Tabita, uvumilivu ukamwisha. Alipiga simu forodha. Akawatajia namba za gari, akawatajia na kitabu.

Gari likakamatwa kwenye kizuizi cha barabarani cha Nanyala. Siku hiyo Tabita alipika wali na kuku, na wala haikuwa sikukuu. Hata hakumaliza kula. Maofisa walifika mlangoni kwake wakimuulizia Luka. Kumbe siku gari linavuka, pasipoti ya Gibson ilikuwa imeisha muda, na Luka ndiye aliyeliingiza. Kibali kilikuwa na jina lake. Hilo alimficha mkewe, akijua atanuna kwamba anawavushia watu magari wakati wao wanatembea.

Mahakamani Luka alikiri kosa. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo: maofisa walikwenda moja kwa moja kwenye kitabu cha nyimbo chini ya kiti, kwa kuwa walikuwa wameelekezwa. Luka aligeuza shingo taratibu, akamtazama mkewe. Hakimu alitamka faini au kifungo, na gari litaifishwe, lakini Tabita hakusikia vizuri.

Gibson alilipa faini yote. Nje, Luka alimngoja mkewe afike karibu.

"Kile kitabu," alisema kwa sauti ya chini, "nilikuambia wewe tu."

Luka akamfuata Gibson, wakatangulia.

Walirudi kwa miguu. Restuta alimshika Tabita mkono njia nzima, akimbembeleza asilie, mume yuko huru, gari ni chuma tu. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi. Tabita alivitazama vizuri, maana alikuwa amelisubiri sana vumbi hilo, kisha akainua macho kumtafuta Luka. Alikuwa ameshakata kona bila kugeuka.