Swali la Pili

Ukitaka kumuudhi binti huyu, mtafiti wa ubongo na lugha, mpe jibu moja. Miaka nenda rudi amekuwa akiwafundisha wanafunzi wake katika maabara ya lugha, chumba chenye mashine ya kupima ubongo na kadi za picha zilizochakaa pembeni, kwamba mgonjwa aliyepotewa na maneno haulizwi mara moja. Unamuuliza, "Hiki ni kijiko?" Halafu unaonyesha kijiko kilekile na kuuliza, "Hiki ni kikombe?" Akikubali yote mawili, hujapata kitu. Ubongo umejeruhiwa upande wa kushoto, mdomo umebakiwa na neno moja, na neno hilo linatoka tu hata pale mwenyewe anapotaka kusema lingine. Wanafunzi walimbandika jina Mama Mara Mbili. Alilijua, na moyoni lilimfurahisha.

Basi kiharusi kikabisha hodi kwao. Baba yake, fundi cherehani mstaafu, mtu aliyekuwa akipiga soga hadi wateja wanasahau nguo walizofuata, alianguka bafuni. Alipozinduka, upande wa kulia ulikuwa umepooza na kinywani limesalia "ndiyo" peke yake. Unaumwa? Ndiyo. Umepona? Ndiyo. Kichwa nacho kiliitikia vivyo hivyo. Siku moja mama alimtania mbele ya wageni, "Eti mume wangu, mimi ni jirani tu?" Ndiyo, akasema mzee, na machozi yakamtoka. Kusikia alikuwa anasikia, na kuelewa anaelewa. Hapo ndipo palipouma.

Mwaka haujaisha, sukari yake ya siku nyingi ikaushambulia mguu wa kushoto, mguu pekee uliokuwa bado unamtii. Vidole vikawa vyeusi, kisha unyayo. Daktari wa upasuaji, mwanamume mpole mwenye macho ya usingizi, aliikusanya familia kando ya kitanda akasema bila kuzunguka: mguu ukatwe juu ya goti, la sivyo sumu itapanda.

"Lakini mwili ni wake," akaongeza. "Kama hataki, tutampa dawa za maumivu tumwache apumzike. Nani anaweza kumuuliza?"

Wote wakamgeukia binti. "Muulize wewe, dada," akasema kaka yake. "Si ndiyo kazi yako?"

Akainama. "Baba, mguu umeharibika. Wakiuacha, utakufa. Unataka wakate?"

Mzee akamtazama usoni. "Ndiyo."

Swali la pili lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Unataka wauache? Hata mtoto wa chekechea angeweza kuliuliza. Hata picha angeweza kuchora, mzee akaonyesha kwa kidole. Lakini binti hakutaka baba afe, basi. Alimtaka hata nusu, hata robo. Na kama jibu la pili nalo lingekuwa "ndiyo", angefanya nini mbele ya watu wote wale?

Mzee akamkamata shati kwa mkono wake mzima, akalivuta. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo," akasema, sauti ikipanda, kama mtu anayemwita mwenzake aliyekwisha kuondoka.

"Una hakika?" akauliza daktari.

"Mmemsikia wenyewe," akajibu binti, akijinasua taratibu kutoka kwenye vile vidole. "Hii ndiyo kazi yangu, daktari."

Mguu ukakatwa. Alipoamka, mzee aliinua shuka, akatazama, akalirudisha. Kidonda kilipona vizuri, daktari akawapongeza, wakamrudisha nyumbani. Huko ndiko alikoanza kufumba mdomo. Mama alileta uji, akafumba. Kaka alileta supu, akafumba. Mama akasema ni maumivu tu, yatapita.

Jioni moja binti akachukua bakuli mwenyewe, akaketi kitandani.

"Baba, utakula?"

Mzee akatikisa kichwa. Tangu aanguke, kichwa kile kilikuwa hakijawahi kukataa kitu.

Binti akashusha kijiko. "Hutaki kula?"

"Ndiyo," akasema mzee kwa utulivu, kwa sauti ileile aliyokuwa akimwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi.

"Unataka kuendelea kuishi?"

Akatikisa kichwa.

"Unataka tukuache uende?"

"Ndiyo."

Angekuwa mgonjwa wa maabara, binti angeruka kwa furaha na kuwaita wanafunzi waje waone. Alibaki amekaa na kijiko mkononi. Akayageuza maswali, akayarudia, na kila mara baba alimjibu bila kukosea, kwa subira, akimsaidia.

Mama akachungulia mlangoni. "Haya, amesemaje mzee?"

Binti akafunika bakuli.

"Sijamuuliza bado, mama," akasema.

Mzee akafumba macho.