Nyuma ya Picha Kubwa

Eugénie Nyirarukundo alitunza nyumba ya Mzungu mmoja katikati ya Goma. Mwenye nyumba alikimbia waasi walipoingia mwaka 1996, akamwachia funguo na picha ndefu kuliko mlango, iliyoegemezwa ukutani sebuleni kwa sababu hakuna msumari ulioweza kuibeba. Ilichorwa Uingereza enzi za Malkia Victoria, kutokana na hadithi ya kale: shujaa mwenye mavazi ya chuma amelala msituni miaka mia, binti mfalme amemwinamia na taa. Eugénie aliipangusa vumbi, ila hakupenda kuitazama. Alimwambia mumewe kwamba yule mtu analala kama maiti.

Januari 2002, siku ya Alhamisi, Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji, ilipasuka. Kufikia alasiri majirani wote walikuwa wameshika njia ya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Yeye alibaki. Mumewe, Célestin, alikuwa ameenda Kibumba na chukudu yake, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kuchukua kabichi, na njia ya kurudi ilipita Kibati, huko huko kwenye moto. Aliogopa kwamba akiondoka hawataonana tena.

Ndipo aliposikia lango likivunjwa. Walikuwa askari wa waasi walioshika mji wakati huo. Alijipenyeza nyuma ya picha, mgongo ukutani, akabana pumzi. Walikokota magodoro, wakavunja sahani. Mmoja akasema kitambaa cha ile picha ni kizito, kingefaa kuwa hema njiani.

Kisu kilipita umbali wa kidole kimoja kutoka kwenye paji la uso wake. Alijikojolea. Kitambaa kikaanguka chini, na askari akawa mbele yake, macho yamemtoka.

"Mama, uko mutu?"

"Niko mutu."

Askari aligeuka kutazama mlango, kisha akashusha sauti. "Basi pita ku jikoni, kimbia. Moto imefika ku rond-point, pale mabarabara inakutana."

Alitoka bila viatu. Hewa ilinuka kiberiti, na nyuma yake mapipa ya mafuta yalikuwa yakilipuka. Hakugeuka mpaka Gisenyi.

Siku tatu alikaa kwenye uwanja wa shule, akiuliza kila aliyetoka Kibumba. Hakuna aliyemwona Célestin. Jumapili alifika mwenyewe kwa miguu, kupitia vilima vya upande wa Rwanda, chukudu ameiacha. Célestin akamshika mikono.

Nyumba ya Mzungu iliungua yote. Walirudi Goma wiki ile ile, lakini Eugénie hakukubali tena kutunza nyumba ya mtu.