Getini Usimtangulize Mtoto

Nyie mnaosafiri na watoto, pale getini msiwatangulize hata hatua moja. Nasema hivi kwa sababu ya Spès, binti yangu wa mwisho.

Kiangazi cha mwaka tisini na nne tulitoka Mishamo, makazi yetu ya wakimbizi, kwenda Mpanda kwa dada yangu Joséline. Tulipanda lori la maharage, tukakaa juu ya magunia. Mapori yalikuwa yanaungua. Moshi umelala barabarani kama maziwa, miti inatujia kimya kimya halafu inapotea. Spès akawa anasinzia, anaamka, anasinzia tena.

Getini, pa kutokea makazini, tukateremshwa wote kuonyesha vibali vya safari. Unaingia kibandani kwa mlango huu, unatokea kwa mlango wa nyuma. Karani akanizuia, ati jina halisomeki. Nikamwambia mtoto, "Tangulia wewe, rudi pale ulipokuwa umekaa."

Kutoka nje, kwenye magunia yetu hakuna mtoto.

"Didace, mwanangu yuko wapi?" nikamuuliza utingo wa lori letu.

"Mama Spès, si uliingia naye? Au umemwacha kwa karani awe rehani?"

Watu wakacheka. Nikauliza, na lile lori lingine lililokuwa limesimama hapa, la magunia ya chumvi?

"Limeshaondoka. Linaenda Mishamo."

Hapo hakucheka mtu.

Nilikimbia ndani ya moshi. Nikimwita, sauti inanirudia kama ya mwanamke mwingine aliye mbele, naye anatafuta wa kwake. Moto ulikuwa unalia porini taratibu, kama mtu anayetafuna. Muuza dagaa mmoja, Libérat, akanikuta na baiskeli yake, akanipakia bila kuuliza neno.

Tulifika Mishamo jua limekuwa jekundu. Spès alikuwa amekaa mlangoni kwetu, anakula muhogo. Jirani yangu Gaudiose amesimama karibu naye.

"Nilipanda lori la chumvi pale getini, nikamkuta amelala," Gaudiose akasema. "Kumwamsha, ananiambia mama kasema nikae hapa hapa. Sasa ningemshusha porini?"

Mtoto akaniangalia, macho bado mazito.

"Mama, umechelewa. Mpanda wana nyumba kama yetu, na mbuzi kama wetu. Ila mama mkubwa sijamwona. Yuko wapi?"

Gaudiose akaingia ndani kucheka. Mimi nikakaa chini kando ya mwanangu.