Dume la Msiba

Ilipofika saa mbili na nusu asubuhi Fanueli alikuwa amemaliza kaptura mbili za wanafunzi, na ya tatu ilibaki pindo. Baridi ya Juni, mwaka ule wa hamsini na sita, iliibana Mbeya, na kila baada ya mshono alipuliza vidole. Alishonea kibarazani kwa Mhindi mmoja mwenye duka la nguo, ambaye alimtoza shilingi kumi kwa mwezi kwa kukalia sakafu yake. Wiki hiyohiyo Mhindi alikuwa amepandisha bei ya kaki, akasema ni mambo ya meli. Fanueli alikuwa hajapata kuiona meli, lakini kila mwaka ilimtoa pesa.

Saa tatu alitakiwa kortini. Tarishi wa korti alishapita juzi akaandika namba ya cherehani kwenye kitabu chake, akadai ni utaratibu tu. Fanueli akishindwa kesi, alipe shilingi mia na hamsini ndani ya siku saba, la sivyo cherehani ichukuliwe. Bila cherehani angebaki na futi ya kupimia shingoni na watoto wanne.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba mdai wake alikuwa Asukile. Walichimba dhahabu pamoja kule Chunya, wakala chungu kimoja miaka mitatu, wakavaa koti moja kwa zamu. Machimbo yalipofifia Asukile alirudi na akiba, Fanueli akarudi na kikohozi. Ni Asukile aliyemkopesha hizo mia na hamsini anunue cherehani kuukuu. Waliandikiana karatasi wasije wakasahau, wakatia sahihi huku wakicheka.

Kisha baba yake Asukile akafariki, huko kwao Rungwe. Kwa watu wa kule, rafiki wa kweli haendi msibani mikono mitupu. Huenda na ng'ombe, achinjwe, watu wale, ijulikane kwamba marehemu alikuwa na watu wake. Fanueli alikuwa na dume moja tu, na alikuwa analinenepesha aliuze alipe deni. Alilipeleka. Asukile akamvuta nyuma ya migomba na kumwambia kwamba dume lile ndilo deni, yameisha, wasiyataje tena. Hata hivyo dume liliingia uani kama la msiba, na wanawake wakalipokea kwa vilio. Hakuna aliyeikumbuka karatasi. Nani angeidai karatasi mbele ya kaburi? Na baada ya hapo, unaidaije kwa mtu aliyekusitiri?

Mwaka huu Asukile na shemeji yake walinunua lori, likavunjika ekseli njia ya Iringa. Ni miezi miwili sasa limelala huko, na fundi hataki kuliachia bila pesa taslimu. Fanueli alijua hayo yote, na kuna siku alimwonea huruma. Alidhani Asukile alipekua sanduku akitafuta chochote cha kuuza, akaikuta karatasi.

Asubuhi ile, kabla hajatoka nyumbani Ilomba, mkewe Damari alimwekea uji na kumwambia asiende kuona haya.

"Ukisema lilikuwa la msiba, tumekwisha. Sema la deni."

Fanueli alimjibu kwamba mama yake Asukile atakuwepo. Damari akasema yule mama hatawanunulia cherehani nyingine.

Kortini karani alimtoza shilingi mbili za kuitwa, ingawa alikuwa amekuja mwenyewe kwa miguu yake. Alipoomba risiti, karani alisema kitabu cha risiti kimeisha, kingine kimeagizwa. Fanueli akaingia, akaketi. Benchi la nyuma aliketi Mama Marta, mama yake Asukile na mjane wa marehemu, amejifunga shuka mbili kwa baridi. Tangu msiba ule alikuwa amehamia kwa Asukile huko Ilomba, akimwita Fanueli mwanangu, na kila alipokutana naye njiani alimtaja marehemu kwanza ndipo amsalimie.

Asukile alisimama, macho chini. Alipoulizwa habari za dume alisema lilikuja, likachinjwa kwa ajili ya baba. Hakuongopa hata neno moja, na hilo ndilo lililomuuma Fanueli.

Hakimu akamgeukia.

"Lile dume ulilipeleka kumlilia marehemu, au kulipa deni?"

Fanueli alisikia benchi la nyuma likilia, Mama Marta akijisogeza. Aliiwaza cherehani, akawawaza watoto.

"La deni, bwana hakimu."

Mmoja wa wazee wa korti alimtazama kama mtu aliyechukua sadaka kanisani. Aibu ilimpanda Fanueli mpaka masikioni. Hakimu hakuonyesha kujali. Aliuliza kama ana risiti.

"Ya dume?"

"Ya malipo yoyote."

Hakuwa nayo. Hakimu akasema karatasi inataja shilingi, haitaji ng'ombe, na korti inafuata karatasi. Fanueli alipe mia na hamsini, na kumi na mbili za gharama. Shauri lote lilichukua muda mfupi kuliko kushona mfuko wa kaptura.

Nje, kwenye ngazi, Mama Marta alikuwa anamngoja.

"Ndiyo kusema mzee wangu hukumlilia?"

"Nilimlilia, mama. Dume ndilo lilikuwa la deni. Kulia nililia mwenyewe."

"Asukile alijua?"

"Yeye ndiye aliyesema iwe hivyo."

Bibi akasema kwamba siku ile ya msiba alitaka kumtumia Fanueli paja, kama anavyopewa kila aliyeleta ng'ombe, na Asukile akamzuia. Alimwambia aache, lile ni dume letu tayari, si la kuletewa. Naye alidhani ni maneno ya uchungu tu.

Akageuka, akapanda ngazi tena, mkono ukutani, na Fanueli nyuma yake. Alimwambia karani kwamba ana ushahidi, aandike. Karani alimjibu kwa upole kwamba kesi imekwisha. Kuifungua upya ni shilingi kumi, na mwandishi wa barua za rufaa huja Alhamisi.

Mama Marta alifungua fundo la pembe ya shuka, akatoa shilingi moja na senti thelathini, akaziweka mezani. Karani akasema hazitoshi.

"Najua hazitoshi, mwanangu. Ni za kuanzia. Nipe risiti yake."

"Risiti zimeisha, bibi."

"Basi nitangoja zije."

Aliketi kwenye benchi lililoelekea meza ya karani. Karani alizisogeza zile senti ukingoni mwa meza, akazirudisha tena, asijue azifanye nini. Asukile alitoka chumba cha hakimu na hukumu mkononi, akamwona mama yake, akasema gari la Ilomba linaondoka, twende nyumbani.

"Tangulia," alisema Mama Marta. "Mimi nangoja risiti."

Asukile alisimama mlangoni, karatasi mkononi. Fanueli alimkumbuka mteja wa kaptura, akakumbuka pindo lililobaki. Hata hivyo alivua kofia, akaketi kungoja karibu na mama.