Hatua Fupi za Kyakimwa

Hadjara aliegemeza simu yake kwenye tofali kando ya uwanja wa mpira wa Butembo, ikawa chini kabisa, ione miguu tu. Alikuwa anamaliza masomo ya kiné, ile tiba ya viungo, na kazi yake ya mwisho ilihusu jambo moja: mtu anakimbiaje akiwa na viatu, na anakimbiaje miguu mitupu.

Mkimbiaji wake alikuwa Kyakimwa, mama wa watoto wawili anayeuza maharage Musienene. Tangu utoto alikimbia pekupeku milimani, wala hakuwa na mpinzani. Mwaka uliopita shemeji yake alimletea viatu vya soli nene, na tangu hapo goti la kulia likaanza kumuuma. Mbio za kilomita kumi za Beni zilibakiza wiki sita, naye alishaanza kukata tamaa.

Alikimbia kwanza na viatu, akaenda na kurudi. Kisha akavivua, akakimbia tena. Wakakaa kwenye majani, vichwa viwili juu ya simu moja, na Hadjara akapunguza mwendo wa picha.

«Angalia apa, yaya,» Hadjara alisema, akimwita kama dada yake mkubwa. «Na viatu, mguu inaenda mbali mbele yako, goti imenyooka, kisigino ndiyo inapiga chini ya kwanza. Ule mushindo yote inapanda kwenye goti.»

«Na bila viatu?»

Hadjara alihesabu, akarudia kuhesabu. «Na viatu, hatua mia moja makumi sita kwa dakika. Bila viatu, mia moja makumi nane. Mguu inashukia chini ya mwili, sehemu ya mbele inagusa kwanza, goti imekunjika. Yaya, mwili yako ilikuwa inajua hii kazi tangu zamani.»

Kyakimwa aliomba aone tena. Akaona mara nne, akicheka peke yake.

Siku hiyo alirudi nyumbani mbio, miguu mitupu, mpaka Musienene. Kesho yake akapiga simu: nyama za nyuma ya miguu zimekaza, hata kushuka kitandani ni shida.

«Ni kosa yangu, sikukuambia,» Hadjara alisema. «Muzigo hapana kupotea. Inatoka kwenye goti, inaenda nyuma ya mguu. Na kwako kule nyuma kulishalala mwaka muzima.»

«Donc tufanye nini? Na barabara ya Beni iko na changarawe.»

«Vaa viatu vyepesi. Mais kimbia kama vile hauna kitu mu miguu.»

Wakaanza upya, polepole: dakika tano za pekupeku kwenye majani, baadaye kumi, kisha viatu vyepesi, huku Hadjara akipiga makofi kumpa mwendo. Hatua fupi, za haraka.

Siku ya mbio, Hadjara alisimama kilomita ya nane, simu mkononi. Kyakimwa alitokea kwenye kona akiwa wa sita, hatua zake zikidundadunda. Akampita mmoja, akampita wa pili. Hadjara alisahau kupiga picha. Alijikuta anakimbia kando ya barabara na kandambili zake, akipiga makofi, watu wakimpisha.

Kyakimwa akamaliza wa tatu, na Hadjara akafika baadaye, bado mbio.

«Goti?» Hadjara aliuliza, akihema kuliko yeye.

«Imenyamaza tangu asubui. Tutafute maji, mudogo yangu, halafu unionyeshe ile picha.»

Hadjara akatazama simu yake tupu, akaanza kucheka.